Hekaya za Uswisi: hati za mipaka, hukumu za barafu

Mwaka 1760 serikali ya jimbo la Uri, katikati ya milima ya Uswisi, iliamuru kijitabu kimoja kichomwe moto hadharani. Kijitabu hicho hakikumkufuru Mungu wala hakikuwachochea wakulima waasi. Kosa lake lilikuwa kusema kwamba Wilhelm Tell, mlenga shabaha aliyepiga tufaha lililowekwa juu ya kichwa cha mwanawe, ni hadithi iliyotoka Denmark. Mwandishi wake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti aitwaye Uriel Freudenberger, na hoja yake ilikuwa nzito. Watawala wa Uri hawakuichukua kama mjadala wa wasomi. Kwao, mtu huyu alikuwa ametia mkono katika hati ya kuwepo kwao.

Hapo ndipo wasomaji wengi wa hekaya za Uswisi wanapopotea njia. Wanazisoma kama ngano za kulalia watoto, au wanazipima kwa swali moja tu: ni kweli au si kweli? Lakini kwa karne nyingi hekaya hizi zilifanya kazi ambazo sisi leo tunazikabidhi kwa mahakama, ofisi ya ardhi na padri. Watu walifungwa jela kwa sababu ya hekaya hizi. Vijiji vilielezea mipaka ya malisho kwazo. Naamini swali la kwanza la kuiuliza kila hekaya ni hili: ilitumika kufanya nini, na nani aliihitaji?

Kabla ya hapo, tuondoe dhana moja. Hakuna kapu moja linaloitwa hekaya za Uswisi. Nchi ina lugha nne, majimbo 26, Wakatoliki na Waprotestanti, na mabonde ambayo zamani theluji iliyatenga kwa miezi mingi kila mwaka. Kwenye milima ya Jura, kwa wasemao Kifaransa, kuna vouivre, nyoka mwenye mabawa anayebeba kito kinachong'aa. Engadin, kwa wasemao Kiromanshi, kuna diala, wanawake wazuri na wakarimu wenye miguu ya mbuzi. Juu ya mpaka wa majimbo ya Vaud na Valais kuna nguzo ya mwamba ambayo mashetani waliifanya shabaha, wakiirushia mawe. Mawe yaliyoikosa yaliporomokea bonde la Derborence. Na kweli mlima uliporomoka Derborence, mwaka 1714 na tena 1749, ukafukia watu na mifugo. Wenyeji waliosikia ngurumo kabla ya maporomoko walisema mashetani wanapigana.

Ngano zenyewe, zile za mfalme asiye na jina katika nchi isiyo na jina, zipo pia. Moja ya ngano zilizochapishwa na ndugu Grimm wa Ujerumani ilisimuliwa na mtu wa Visp, huko Valais. Lakini ngano haina anwani. Inaweza kuhamia popote. Hekaya ina anwani: mwamba huu, daraja lile, malisho ya fulani. Msimulizi ananyoosha kidole. Kwa hiyo anayeibisha hekaya anabishana na watu wa mahali pale, na ndivyo ilivyomfika Freudenberger.

Tuanze basi na Tell. Liwali Gessler, mtumishi wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, anatundika kofia juu ya mti katika uwanja wa Altdorf na kuamuru kila apitaye aiinamie. Tell anapita bila kuinama. Gessler anamlazimisha apige tufaha kichwani mwa mwanawe, naye analipiga. Liwali anaona kuna mshale wa pili, anauliza ulikuwa wa nini. Kama ningempiga mwanangu, Tell anajibu, huu ungekuwa wako. Anafungwa na kupakiwa mashuani. Dhoruba inachafua ziwa, Tell anarukia jabali na kutoroka, kisha anamvizia liwali kwenye njia nyembamba karibu na Küssnacht na kumuua.

Maandishi ya kwanza tuliyonayo ya kisa hiki yamo katika Kitabu Cheupe cha Sarnen, kilichoandikwa na karani wa jimbo la Obwalden, Hans Schriber, miaka ya 1470. Katika karne ya 16 mwanahistoria wa Glarus, Aegidius Tschudi, akakipa tarehe: Novemba 1307. Yaani kati ya tukio na maandishi kuna zaidi ya miaka 160, na hakuna hati ya wakati wenyewe inayomtaja Tell, wala liwali wa Uri aitwaye Gessler. Halafu kuna Saxo Grammaticus wa Denmark, aliyeandika karibu mwaka 1200 habari za askari Toko. Toko alijigamba kwa shabaha yake, mfalme Harald akamwamuru apige tufaha kichwani mwa mwanawe, naye akakiri kwamba mishale aliyobakiza ilikuwa ya mfalme. Mfanano huo hauwezi kuwa wa bahati.

Hivyo upande wa historia umekwisha kuamuliwa na wengi: kisa cha tufaha ni cha kusafiri, kilitua Uri na kupata jina. Kuishia hapo, hata hivyo, ni kuacha nusu nzuri ya habari. Angalia wakati kilipoandikwa. Miaka ya 1470 majimbo ya Muungano wa Uswisi yalikuwa yakishutumiwa na Habsburg kuwa ni wakulima waliowaasi mabwana zao halali. Karani wa Obwalden alihitaji jibu, na hekaya ilimpa jibu hilo: sisi hatukuasi utawala wa haki, bali tulimwondoa dhalimu aliyemlazimisha baba kumlenga mwanawe. Huo ni utetezi wa kisheria uliovikwa kisa.

Na ukishakuwa na utetezi kama huo, huwezi kuchagua nani autumie. Mwaka 1653 wakulima wa Uswisi waliwaasi watawala wao wenyewe wa mijini. Huko Entlebuch wanaume watatu walivaa kama Tell, wakajiita Tell Watatu, wakawavizia maofisa wa Lucerne. Mabwana waliojivunia Tell sasa walikuwa wamekalishwa kiti cha Gessler. Mwaka 1798, jamhuri mpya iliyosimamishwa kwa nguvu ya majeshi ya Ufaransa iliweka Tell katika muhuri wake. Julai 1940, Ujerumani ikiwa imekwisha kuishinda Ufaransa, Jenerali Henri Guisan aliwakusanya makamanda wake katika uwanda wa Rütli, mahali hekaya inaposema wakombozi walikula kiapo. Hakuhitaji kueleza kwa nini amechagua pale. Mwaka uliofuata Hitler alipiga marufuku tamthilia ya mshairi wa Kijerumani Schiller kuhusu Tell, ambayo awali utawala wake uliisifia. Mtu anayemuua dhalimu hakuwa tena mfano wa kufundishia shule.

Kuna fumbo moja dogo la tarehe linalowachanganya wageni. Waswisi husherehekea Agosti 1 kwa sababu ya mkataba wa 1291 baina ya Uri, Schwyz na Unterwalden. Mkataba huo ni hati ya kweli, umeandikwa kwa Kilatini, unahusu kusaidiana na mambo ya hukumu, na haumtaji Tell wala kiapo cha Rütli. Ulikuwa umesahauliwa; ukaja kujulikana tena mwaka 1758. Kabla ya hapo mwaka wa kuzaliwa kwa taifa ulikuwa 1307 wa Tschudi. Serikali ya shirikisho ilipofanya sherehe kubwa ya miaka 600 mwaka 1891, ikichagua 1291, watu wa Uri walijibu kwa namna yao. Mwaka 1895 walizindua sanamu ya Tell katika uwanja wa Altdorf, na chini yake waliandika 1307.

Tell ndiye maarufu, lakini si yeye anayenivutia zaidi. Hekaya ninayoiona kuwa funguo ya nyingine zote ni ya mpaka wa Uri na Glarus.

Milimani mpaka kwa kawaida hufuata mgongo wa mlima, pale maji yanapogawanyika. Urnerboden, malisho mapana yanayohesabiwa kuwa makubwa kuliko yote ya ng'ombe nchini, yako ng'ambo ya njia ya mlimani ya Klausen, upande ambao maji yake hutelemkia Glarus. Lakini ni mali ya Uri. Kwa nini? Hekaya inasema pande mbili zilichoka kugombana, zikakubaliana: siku fulani jogoo wa kwanza akiwika, mkimbiaji atoke Altdorf na mwingine atoke Glarus, na watakapokutana ndipo patakuwa mpaka. Watu wa Glarus walimshibisha jogoo wao wakidhani atawika kwa furaha. Watu wa Uri walimnyima wao chakula. Mwenye njaa aliwika alfajiri mbichi, aliyeshiba akalala, na mkimbiaji wa Uri alikuwa ameshavuka kilele na kutelemka mbali upande wa pili alipomwona mwenzake akipanda. Yule wa Glarus akamsihi amwachie ardhi kidogo. Akaambiwa: nibebe mgongoni upande mlima, na utakapofika ndipo patakuwa mpaka. Akambeba mpaka kwenye kijito, akainama kunywa maji, akafa. Mpaka uko hapo hadi leo.

Tazama jinsi kisa hiki kilivyopimwa. Bila shaka Uri walizipata nyasi zile kwa sababu za kawaida: mifugo mingi, haja ya malisho, ugomvi na mapatano ya muda mrefu. Lakini hekaya haisemi nani aliibiwa. Inawapa Uri werevu, inawapa Glarus shujaa aliyekufa kwa ajili ya ardhi yao, na inaweza kusimuliwa pande zote mbili bila mtu kuona aibu. Ugomvi wa malisho ni ugomvi wa chakula cha mwaka mzima. Ukiweza kuugeuza kuwa kisa ambacho jirani naye anakipenda, umeokoa maisha ya watu. Mkataba wa karatasi haufanyi hivyo.

Sheria hiyo ya ardhi iliwafuata watu hata kaburini. Katika majimbo mengi kunasimuliwa mzimu wa mtu aliyesogeza jiwe la mpaka akiwa hai. Sasa anatembea usiku na jiwe linalowaka mikononi, akilia: niliweke wapi? Niliweke wapi? Kila mtu anakimbia, mpaka siku mlevi au mtoto anapomjibu: liweke ulipolitoa! Naye anapata kupumzika. Katika jamii isiyo na mpimaji ardhi wala askari wa kukesha shambani, mzimu huyu alikuwa akikesha badala yao.

Daraja la Shetani katika korongo la Schöllenen linafahamika kwa kila apitaye njia ya Gotthard, kwa hiyo nitapita upesi. Watu wa Uri hawakuweza kuuvuka mto Reuss, Shetani akawajengea daraja kwa sharti la kupewa roho ya kwanza itakayovuka, wakamtangulizia mbuzi. Shetani akabeba mwamba akalivunje daraja, akakutana na kikongwe aliyeuchora mwamba msalaba, akashindwa kuunyanyua tena. Madaraja ya Shetani yapo tele Ulaya, na ujanja wa mnyama uko karibu kila mahali. Cha Uri peke yake ni mwamba. Uko karibu na Göschenen, una tani 220 hivi, na barabara kuu mpya ya Gotthard ilipokuwa inajengwa ulikuwa katikati ya njia. Ungeweza kulipuliwa kwa baruti. Mwaka 1977 ulisogezwa mita 127 kwa gharama ya faranga 300,000. Wahandisi wa karne ya 20 hawakuamini Shetani aliubeba. Walijua tu kwamba watu wa bonde wangedai haki yao juu yake.

Lucerne nao walikuwa na Mlima Pilatus. Ilisemwa kwamba maiti ya Pontio Pilato ilitupwa katika kiziwa kilichoko huko, na mtu akirusha jiwe majini mzimu huamka na kuushushia mji dhoruba. Serikali ya mji haikuishia kusimulia. Ilikataza watu kupanda, na mwaka 1387 iliwafunga makasisi sita waliojaribu. Mwanasayansi Conrad Gessner alipopanda mwaka 1555 alilazimika kuomba kibali. Miaka 30 baadaye, 1585, paroko wa Lucerne, Johann Müller, alipanda na kundi la watu, akarusha mawe ziwani na kumwita Pilato kwa sauti. Hakuna kilichotokea. Mwaka 1594 kiziwa kikatobolewa maji yatoke. Nakipenda kisa hiki kwa sababu aliyeivunja hekaya hakuwa msomi wa mbali bali padri wa mji wenyewe, mbele ya watu wake.

Sasa tupande juu zaidi, kwenye malisho ya kiangazi, maana hapo hekaya zinakuwa nzito. Wanaume wachache walipanda na ng'ombe mwezi Juni, wakaishi kibandani hadi Septemba, bila wake, bila kanisa, wakitengeneza jibini. Jioni, katika majimbo ya Kikatoliki, mmoja wao alisimama kilimani na kupaza sala kupitia mrija mpana wa mbao wa kuchujia maziwa, akiwataja watakatifu walinde kila kilicho ndani ya upeo wa sauti yake. Sala hiyo bado inaimbwa. Nje ya sauti hiyo kulikuwa na giza, na hekaya ya Sennentuntschi inatoka humo gizani.

Wachunga ng'ombe, kwa upweke na mzaha, wanatengeneza mwanasesere wa kike kwa mbao, majani na matambara. Wanamlisha, wanalala naye, hatimaye wanambatiza. Anaanza kusema. Siku ya kurudi bondeni anadai mmoja wao abaki. Wenzake wanaondoka na mifugo, na wanapogeuka nyuma wanaona mwanasesere akitandaza ngozi ya mwenzao juu ya paa. Waliochapisha toleo la adabu walificha habari ya kulala naye, na kisa kikabaki kuwa cha kufuru ya ubatizo. Lakini jumba la makumbusho la Chur lina mwanasesere wa namna hiyo aliyetoka bonde la Calanca. Nauona ukatili wa mwisho wa kisa hiki kuwa wa haki. Kinasema waziwazi kwamba ukimfanya mtu kuwa kitu cha kuchezea, siku moja atakudai deni, na wanaosimulia ni wanaume wale wale walioishi katika vibanda hivyo.

Inafaa kujua nani alitufikishia haya. Mengi ya Uri yalikusanywa na Josef Müller, kasisi wa hospitali ya Altdorf aliyefariki 1929. Wagonjwa na wazee walimsimulia, naye akaandika zaidi ya hekaya 1,500, zilizotolewa kwa juzuu tatu kati ya 1926 na 1945. Alikuwa msikilizaji mwaminifu, tena alikuwa padri. Fikiria mgonjwa anamsimulia padri kitandani: atachagua nini, atanyamazia nini? Wakusanyaji wengi wa Uswisi walikuwa makasisi na walimu, kwa hiyo kila hekaya tuliyo nayo imepita mlango huo.

Dini ilibadilisha pia mizimu yenyewe. Kwa Mprotestanti wa Bern hakuna toharani, mahali pa roho kutakaswa baada ya kifo, hivyo mzimu ni mwovu au ni hila ya Shetani. Kwa Mkatoliki wa Valais mzimu ni ndugu mwenye deni, anayetumikia toharani yake ndani ya barafu ya Aletsch, barafuto (mto wa barafu) ndefu kuliko zote za milima ya Alpi, yenye kilomita 20 hivi. Wanasimulia habari za kikongwe Schmidja aliyeishi karibu na barafu hiyo, akisokota uzi usiku. Kila alipokwenda kulala aliacha moto na kufungua mlango ili roho ziingie kuota, akiziomba zisimdhuru. Usiku aliokufa, waliokuwa wakimuuguza waliona msururu wa mianga ukiondoka nyumbani kwake kuelekea kwenye barafu. Wengine husimulia visa vya mizimu ili watu waogope. Hiki kiliwafundisha watu wa Valais ukarimu kwa wafu, na sidhani kuna hekaya ya Alpi yenye huruma kuliko hii.

Kuna barafu ya adhabu pia. Juu ya Kandersteg kuna mlima Blüemlisalp, na inasemwa zamani pale palikuwa malisho yaliyojaa maua. Mchunga tajiri alimjengea mpenzi wake ngazi za jibini ili asichafue viatu, na mama yake mzazi alipokuja na njaa alimpa chakula kilichochanganywa na uchafu. Mama akalaani, barafu ikashuka ikafunika vyote. Kisa hicho hicho kinasimuliwa, kwa majina mengine, katika milima mingi ya Uswisi. Huenda ukakiona kuwa ni mahubiri matupu. Lakini kuanzia karne ya 14 hivi hadi katikati ya karne ya 19, barafu za Alpi zilikua kweli, mara kwa mara. Karibu mwaka 1600 ile ya Grindelwald ilifika kwenye nyumba na mabanda ya watu. Kulikuwa na malisho ambayo babu aliyachunga na mjukuu akayakuta chini ya barafu. Hekaya ilihifadhi kumbukumbu sahihi ya tukio, kisha ikalipa sababu ambayo binadamu angeweza kuirekebisha: acheni ubadhirifu wa chakula, waheshimuni wazazi.

Na watu walijaribu kuirekebisha. Mwaka 1678 wakazi wa Fiesch na Fieschertal, Valais, waliweka nadhiri rasmi ya kuishi kwa uchaji na kusali ili barafu ya Aletsch isiendelee kukua, maana ziwa lililozuiwa kando yake lilikuwa likipasuka na kuwafurikisha. Mwaka 1862 wakaongeza maandamano ya sala ya kila mwaka. Tangu kipindi hicho Aletsch imepungua urefu kwa kilomita 3 na zaidi, na katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafuto za Uswisi kwa jumla zilipoteza kiasi cha asilimia 10 ya ujazo wake. Wazao wa walioweka nadhiri wakajikuta wanasali kila mwaka dhidi ya maji yao wenyewe ya kunywa na kumwagilia mashamba. Nadhiri haivunjwi kienyeji, kwa hiyo waliomba ruhusa kwa Papa. Mwaka 2010 Vatican ilikubali, na maandamano ya Fiesch sasa yanafanyika kwa ombi lililogeuzwa: barafu ikue.